Pazia Lisilokuwepo: Maneno ya Jukwaani na Uwanja Wetu wa Tabora

Miswada ya michezo ya kuigiza inayoandikwa na wanafunzi wa sekondari hapa Tabora ina kawaida ya kuanza kwa maneno mawili: "Pazia linafunguka." Mwandishi kijana ameyakuta katika tamthiliya aliyosoma darasani, akayachukua kama yalivyo. Siku ya onyesho bwalo la shule halina pazia, wala halina mahali pa kulitundika. Basi wanatafutwa wanafunzi wawili wa kushika shuka, mmoja kila upande, na mchezo mzima wanasimama hapo wakifunga na kufungua. Hawaigizi. Na kwa jinsi walivyojibanza nyuma ya shuka, mchezo wenyewe hawauoni.

Watoto hao wawili wananiuma. Wamesimamishwa pale na neno, na neno hilo hakuna aliyewaeleza limetoka wapi. Tunawafundisha vijana istilahi za jukwaa kana kwamba ni kanuni za maumbile, kama vile maji kuchemka, ilhali kila moja ilizaliwa katika jengo fulani, kwa sababu ya sakafu fulani, taa fulani, na mara nyingi kwa sababu ya kiti cha mtu fulani. Anayezikariri bila kulijua jengo hujikuta analijenga upya kwa shuka za bweni. Anayejua zilikotoka anaweza kuchagua: hii inanifaa, hii haina kazi kwangu, na hapa nahitaji neno ambalo hakuna kitabu kimenipa.

Chukua "apsteji" na "daunsteji", maneno ambayo kijana yeyote aliyepita kwenye warsha ya sanaa za maonyesho atakutajia. Neno kwa neno ni juu ya jukwaa na chini ya jukwaa, lakini maana yake ni nyuma na mbele: juu ni kule mbali na watazamaji, chini ni huku karibu nao. Kwenye bwalo lenye sakafu ya saruji iliyo sawa ukuta hadi ukuta, mwanafunzi ana haki ya kuuliza hiyo juu iko wapi.

Iko Italia, karne ya 16. Wachoraji na wasanifu majengo wa huko walikuwa wamemudu ufundi wa kuchora umbali: mtaa unachorwa ukipungua kimo kadiri unavyokwenda nyuma, hadi jicho linaona barabara ndefu mahali palipo na mbao na rangi tu. Sebastiano Serlio aliueleza ufundi huo kwa michoro katika kitabu alichochapisha mwaka 1545, akionyesha namna ya kuutumia jukwaani. Ili macho yadanganyike sawasawa, sakafu ya nyuma ilijengwa ikipanda polepole. Aliyekwenda nyuma alipanda kweli, na aliyekuja mbele alishuka kweli. Kulikuwa na gharama yake: mwigizaji hakuweza kufika nyuma kabisa, kwa kuwa nyumba zilizochorwa huko zilikuwa fupi, na kichwa chake kingefika usawa wa paa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jukwaa ilikuwa ya kutazamwa, na waigizaji walibaki kwenye kipande cha mbele.

Baadaye wajenzi walianza kuinamisha sakafu ya watazamaji, na jukwaa likarudi kuwa sawa. Maneno yakabaki. Kiingereza kikatengeneza hata kitenzi kutokana na ile juu, kwa ajili ya mwigizaji anayerudi nyuma makusudi ili mwenzake, akitaka kuzungumza naye, alazimike kuwapa watu kisogo. Leo kitenzi hicho hutumika kwa yeyote anayempora mwenziwe macho ya watu, hata bungeni.

Lakini mteremko wa sakafu ni sehemu ndogo ya habari. Mchoro wa umbali una sharti moja gumu: unakaa sawa ukitazamwa kutoka mahali pamoja tu. Ukisogea kushoto au kulia, mitaa inapinda na nyumba zinalala. Katika majumba ya wafalme na watawala wa Italia mahali hapo palijulikana, na aliyekaa hapo alijulikana. Mtawala aliuona mji mzima, na wengine waliona kadiri walivyokaribia kiti chake. Jukwaa lenye fremu, yaani linalotazamwa kupitia uwazi mmoja wa mbele kama picha ukutani, kama lile la Teatro Farnese lililojengwa Parma mwaka 1618 kwa ajili ya mtawala wa mji huo, ndilo lililosambaa Ulaya nzima na hatimaye kutufikia sisi kama "ukumbi wa kisasa". Tulipolipokea tulipokea na ile hesabu yake ya nani anaona vizuri.

Kuna kisa cha mwaka 1605 ninachokipenda kwa sababu kinafunua jambo hili lote. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alitembelea Oxford, na michezo ikaandaliwa katika ukumbi wa chuo cha Christ Church. Mafundi waliweka kiti chake pale hasa ambapo mandhari yangeonekana barabara. Maofisa wa mfalme walipokuja kukagua walikataa, wakisema kwamba hapo watu wangemwona mfalme shavu tu. Kiti kikasogezwa nyuma, uso wa mfalme ukaonekana na wote, na mfalme mwenyewe hakuweza kusikia vizuri waigizaji walikuwa wanasema nini.

Aliyewahi kuhudhuria mahafali ya kidato cha nne katika mkoa huu anakijua kiti hicho. Meza kuu imetandikwa kitambaa, ina maua ya plastiki na chupa za maji. Mgeni rasmi yuko katikati, mkuu wa shule na mwenyekiti wa bodi kandokando yake. Wazazi wako chini ya maturubai ya pembeni, na waliochelewa wamesimama juani. Unapofika wakati wa igizo, waigizaji wanajipanga mstari na kuielekea meza kuu. Mama aliyedamka alfajiri Sikonge akapanda basi kuja kumwona binti yake anaona mgongo wa binti yake, labda na ubavu. Kipaza sauti, kama kipo, kimeelekezwa kulekule meza kuu. Vijana hawajafanya hivyo kwa kumdharau mama. Wamefundishwa kwamba jukwaa lina mbele moja, na wamemwona aliyekaa mbele.

Nawasihi walimu wenzangu wanaosimamia sanaa shuleni wafikirie hapo kabla ya kufikiria jambo lingine lolote. Mafunzo ya kwanza ya kuigiza yasiwe "usiwape watu mgongo". Hiyo ni kanuni nzuri kwenye jukwaa la fremu, lakini kwenye uwanja ambao watu wamekaa pande tatu au nne haitekelezeki: lazima kuna mtu anapewa mgongo, na swali la haki ni kwa muda gani, na kama wanapokezana.

Kushoto na kulia nako kuna jengo. Waingereza wamekubaliana kwamba kushoto kwa jukwaa ni kushoto kwa mwigizaji anayewaelekea watu, kwa hiyo kwa mtazamaji ni kulia. Zaidi ya hapo wana jina la pili la upande huo: wanauita upande wa mkumbushaji, kwa sababu kwa desturi yule mtu aliyeshika mswada na kuwakumbushia waigizaji maneno alikaa kushoto. Upande wa pili ukaitwa tu mkabala na mkumbushaji. Wamechukua kitu kilichokuwepo mahali pao, wakakifanya alama.

Wafaransa wamefanya jambo zuri zaidi. Mwaka 1770 kundi la Comédie-Française lilihamia kwenye ukumbi uliokuwa ndani ya kasri la Tuileries, Paris. Upande mmoja wa ukumbi ule ulielekea ua wa kasri, wa pili ulielekea bustani. Waigizaji na mafundi wakaanza kusema upande wa ua na upande wa bustani, na ugomvi wa kushoto kwa nani ukaisha hapohapo, maana bustani haigeuki hata ukigeuka wewe. Kabla ya hapo walikuwa wakizitaja pande hizo kwa mfalme na malkia, kufuata vyumba vyao vya kutazamia. Mapinduzi yakaja, mfalme akaondoka, majina yake yakaondoka naye. Kasri la Tuileries lenyewe liliteketezwa kwa moto mwaka 1871, na magofu yake yakabomolewa. Lakini hadi leo, katika kila ukumbi wa Ufaransa, hata kama nje pande zote mbili ni maegesho ya magari, kulia kwa mtazamaji ni ua na kushoto kwake ni bustani. Wanafunzi wao huzikumbuka kwa herufi mbili, J ya bustani na C ya ua, zinazosomeka kutoka kushoto kwenda kulia kama herufi za kwanza za Jules César, yaani Juliasi Kaizari.

Sioni sababu hata moja ya sisi kushindwa kufanya hivyo. Uwanja wa shule nyingi za Tabora una mwembe upande mmoja, mara nyingi mkubwa na mkongwe, na una kitu kingine upande wa pili: barabara, jiko, tangi la maji, njia ya kwenda stesheni. "Anaingia kutoka mwembeni." "Anatoka kuelekea barabarani." Mwigizaji wa kidato cha kwanza ataelewa bila kufundishwa, hatachanganya kushoto kwake na kushoto kwa mwalimu, na kundi likifanya mazoezi bila watazamaji, au watazamaji wakizunguka uwanja mzima, maelekezo hayaharibiki.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kwa mstari mmoja, nami nalitaka lipewe kurasa. Hayo majina makubwa ya Kigiriki tunayowakaririsha watoto, ukiyafuata hadi mwanzo, yanakupeleka uwanjani. Orkestra, kabla ya kuwa kundi la wapiga vinanda, ilikuwa mahali pa kucheza ngoma: kiwanja cha mviringo ambapo wachezaji walizunguka wakiimba. Wachezaji wenyewe waliitwa khoros, na neno hilohilo, baada ya safari ndefu, ndilo kwaya yetu. Theatroni ilikuwa mahali pa kutazamia, yaani mteremko wa kilima ambako watu walikaa kukizunguka kiwanja. Skene ilikuwa hema au kibanda kilichosimamishwa nyuma ya kiwanja ili waigizaji wabadili mavazi na vinyago. Na proseniamu, lile neno zito linalotajwa kwa heshima kila inapozungumzwa fremu ya jukwaa yenye nakshi za dhahabu, asili yake ni kilicho mbele ya kibanda.

Mpangilio wa kuzaliwa kwake ndio wa kuzingatia. Ngoma ilitangulia, watu wakaizunguka, kibanda kikafuata baadaye. Ukumbi wa Epidauro, uliojengwa karne ya 4 kabla ya Kristo na kukaliwa na watu wapatao 14,000, bado una kile kiwanja cha mviringo katikati. Watu walikizunguka zaidi ya nusu yake. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa Kinyamwezi kwamba mchezo wa kuigiza ulianzia Ugiriki, kisha akamfungia kwenye ncha moja ya bwalo, amemnyima vyote viwili: ukweli wa Wagiriki na ukweli wa kwao.

Kwao kuna nini? Kaskazini mwa mkoa wetu, Nzega na Igunga, Wanyamwezi na Wasukuma wameishi pamoja muda mrefu, na ngoma zao zimeambukizana. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, yanajulikana kote Usukumani. Baada ya mavuno makundi mawili yanapewa uwanja mmoja, yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na mahali pake, na watu wanakwenda wanakovutwa. Upande uliokusanya umati mkubwa ndio mshindi. Ndiyo maana makundi yalibuni kila namna ya kushika macho: nyoka hai, sanamu za mbao, mavazi, vichekesho, dawa za mvuto. Hapo mtazamaji ana miguu, na miguu yake ndiyo jaji. Mchezaji akipoa dakika mbili, anaona kwa macho yake watu wakihama.

Nimesoma maelezo mengi ya aina za jukwaa: la fremu, lililojitokeza katikati ya watu, la duara. Hakuna hata aina moja kati ya hizo inayotosha kueleza uwanja wa Bagika na Bagalu, wenye vitovu viwili na umati unaotembea katikati yake. Hili ni jukwaa kamili, lina sheria zake na ufundi wake, na linastahili kuwa na sura yake katika kitabu cha sanaa za maonyesho cha Tanzania, pamoja na maneno yanayotumiwa na wachezaji wenyewe, yaliyokusanywa kutoka vinywani mwao wakati wazee wanaoyajua bado wapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, huko Usukumani, wakitumia ngoma na maigizo ya palepale kuzungumzia matatizo ya kijiji. Njia ilishaonyeshwa. Shule zetu ndizo hazikuifuata.

Sasa kuna hoja moja ambayo huwa naisikia: kwamba uwanja unafaa kwa ngoma na vichekesho, lakini mchezo mkubwa unadai ukumbi na pazia. Mji wa Tabora una jibu lake. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapa, katika shule ya serikali, kuanzia 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere alirudi kufundisha St. Mary's. Tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare ilichapishwa mwaka 1963, ikatoka tena mwaka 1969 ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Kama kuna mchezo mkubwa kwenye rafu zetu, ni huo. Na uliandikwa kwa jukwaa lisilo na pazia la mbele.

Septemba 1599 msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto Thames na kutazama mchezo wa Julius Caesar katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba nyumba hiyo ni Globe, iliyokuwa imefunguliwa mwaka uleule. Jukwaa la Globe lilijitokeza katikati ya ua, watu wa kiingilio cha peni moja wakasimama wakiligusa kutoka pande tatu. Mchezo ulichezwa alasiri, kwa mwanga wa jua. Na ulipokwisha, anasema Platter, waigizaji walicheza ngoma, wawili wamevaa kiume na wawili wamevaa kike. Paa la nyasi ndilo lililoiponza nyumba ile mwaka 1613, pale mzinga uliofyatuliwa katika mchezo mwingine ulipoliwasha.

Angalia sasa jinsi ukosefu wa pazia ulivyoingia ndani ya maandishi yenyewe. Katika bwalo zetu, mhusika akiuawa analala hapo hadi shuka ifungwe, kisha anasikika akiinuka na kucheka nyuma yake. Shakespeare hakuwa na shuka. Maiti haikuweza kuinuka mbele ya watu, kwa hiyo alilazimika kuandika nani anaibeba na kwa nini. Katika Juliasi Kaizari, kule kuibeba maiti ndiko kunakogeuza mchezo mzima: Antoni anaomba mwili wa Kaizari, anauondoa pale alipouawa, kisha anarudi nao mbele ya umati wa Roma na kuhutubia akiwa nao. Hotuba ile kali kuliko zote haina nguvu bila maiti kuwapo. Na umati wa Roma ni nani? Ukiicheza chini ya mwembe, watu wakiwa wamekuzunguka, umati ni wale waliokaa. Kwenye ncha ya bwalo unalazimika kuwatafuta wanafunzi sita wapige kelele kwa niaba ya Roma nzima.

Hili ndilo ningependa mwandishi kijana alichukue: kabla ya kuandika "pazia linafungwa", ajiulize wahusika wake watatokaje. Jibu la swali hilo mara nyingi ni tukio jipya, zuri kuliko aliyokuwa nayo. Waandishi wetu wakubwa walishalifanyia kazi. Ebrahim Hussein alipotoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, aliandika kwa ajili ya msimuliaji mmoja tu, ambaye hahitaji kitu cha kufunguliwa wala kufungwa.

Taa nazipitia haraka. Waingereza husema mtu maarufu yumo kwenye mwanga wa chokaa, na watu hudhani ni methali tupu. Ni taa ya kweli: kipande cha chokaa kilichochomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni hadi kikawaka weupe mkali. Kiligunduliwa miaka ya 1820, kikatumiwa kwanza na wapima ardhi, kisha kikaingia ukumbi wa Covent Garden, London, mwaka 1837. Umeme ulifuata, na ukumbi wa Savoy mjini humo ukawashwa wote kwa umeme mwaka 1881. Tabia ya kuwaweka watazamaji gizani ni changa vilevile. Mtunzi wa opera Richard Wagner aliifanya kanuni huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo watazamaji walionana wao kwa wao, kama wanavyoonana uwanjani kwetu saa kumi alasiri, au usiku karabai ikiwa imewekwa katikati. Kwa hiyo maelekezo ya "mwanga unafifia taratibu" katika mchezo utakaochezwa mchana, nje, yafutwe tu.

Juu ya chumba cha kijani, pale waigizaji wanaposubiri zamu yao, kuna masimulizi mengi kuhusu rangi hiyo na hakuna lililothibitishwa. Nakipita.

Pazia lenyewe, lililoanzisha yote haya, halikuwahi kuwa na tabia moja. Katika kumbi za Warumi kwa muda mrefu lilishushwa mchezo ulipoanza, likazama kwenye mfereji mbele ya jukwaa, na likapandishwa ulipokwisha. Kinyume kabisa cha tunavyodhani ndiyo maumbile yake. Kumbi za mishumaa na gesi zilipoanza kuungua na watu wake, pazia likapewa kazi ya pili, ya kuzuia moto. Drury Lane ya London iliweka la chuma mwaka 1794. Huko Chicago, mwaka 1903, pazia la kuzuia moto la ukumbi wa Iroquois lilikwama likishuka, na watu zaidi ya 600 wakafa, wengi wao wanawake na watoto waliokuja kutazama onyesho la mchana. "Pazia la Chuma" la vitabu vyetu vya historia, lile lililoigawa Ulaya, lilitokana na kifaa hicho. Pazia lina historia nzito na heshima yake. Ila shuka mbili za bweni hazizuii moto, hazifichi fundi anayebadili mandhari kwa sababu mandhari hayapo, na hazimpi mtazamaji mshangao wowote kwa sababu miguu ya waigizaji inaonekana chini yake.

Wapo watakaosema: kijana huyu kesho atakwenda chuo cha sanaa cha Bagamoyo au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au atapata kazi kwenye ukumbi wenye kila kitu, na akiulizwa apsteji ni wapi asijue, tutakuwa tumemwangusha. Nakubaliana nao kabisa. Afundishwe apsteji, afundishwe upande wa mkumbushaji, afundishwe na ua na bustani za Wafaransa. Muda wa kumweleza neno pamoja na jengo lake ni uleule wa kumkaririsha neno tupu, na lililoelezwa halisahauliki. Ninachokataa ni kumfanya aandike kwa ajili ya jengo ambalo hana, wakati amesimama mahali penye uwezo mwingi kuliko jengo hilo.

Hoja ngumu zaidi ni ya mswada unaosafiri. Nikiandika "anatoka mwembeni" hapa mjini, kundi la Urambo lenye uwanja mtupu litafanyaje? Wafaransa walilimaliza kwa kukubaliana kwamba bustani ni kushoto hata pasipo bustani. Sisi tunaweza kulimaliza kwa ukurasa mmoja. Kabla ya orodha ya wahusika, mwandishi achore duara. Aonyeshe ngoma zinakaa wapi, watu wanakaa pande zipi, na waigizaji wanapita wapi kuingia bila kumruka mtoto aliyekaa chini. Aonyeshe jua liko upande gani kwa saa ya mchezo, maana mwigizaji anayelielekea jua la alasiri hufinya macho na uso wake haunenei. Aonyeshe meza kuu kama ipo, iwe sehemu ya duara pamoja na wengine, na si mbele ya duara. Kisha alama mbili atakazozitumia mswada mzima, aziite atakavyo. Kundi la Urambo likiupokea, litaweka duara lake kando ya hilo, liandike mwembeni ni ghalani, barabarani ni kisimani, na lianze mazoezi.